Karatasi ya Baba Neema

Baba Neema hapandi ndege ndogo. Miaka tisa sasa nina leseni, nimebeba majirani, wanakwaya, binti yetu, hata mbwa wa jirani mmoja, lakini mume wangu amekaa kiti cha kulia mara moja tu, injini ikiwa imezimwa, aliponisaidia kufunga mlango uliokuwa unagoma. Alishuka akakung'uta suruali, akaizunguka ndege mara moja, akasema: "Mashine nzuri. Wewe nenda, mimi nitabaki na karatasi."

Karatasi anayoisema huwa mlangoni mwa friji yetu hapa Winnipeg, imebanwa na sumaku. Huku Kanada, ukitaka kwenda zaidi ya maili 25 za baharini kutoka uwanja ulioondokea, sheria inakudai uache habari zako. Ama uwasilishe mpango wa safari kwa NAV CANADA, shirika linaloongoza ndege nchi nzima, ama uache taarifa ya safari kwa mtu unayemwamini, naye awe amekubali kwa kinywa chake kwamba usiporudi saa mliyoelewana, atapiga simu utafutwe. Wenzangu wengi klabuni wanatuma mpango kwenye tableti, wanabonyeza, kwisha. Mimi nimeng'ang'ania karatasi. Naandika aina ya ndege, rangi, herufi zake, njia nitakayopita, watu tuliomo, mafuta ya saa ngapi, na saa ya mwisho ya kunisubiri. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, namba ya kupiga. Baba Neema huisoma yote kila mara, hata ikiwa ni safari ile ile ya wiki iliyopita, halafu huuliza swali moja. Kwa kawaida ni kuhusu mafuta.

Lawama zote ni za Neema. Mwaka 2014 alikuwa na miaka tisa, na COPA, chama cha wamiliki na marubani wa ndege binafsi wa Kanada, kina utaratibu wa kuwapandisha watoto wa miaka 8 hadi 17 bure ili waionje anga. Nikampeleka, nikasimama kwenye uzio nimeshika chupa yake ya maji. Akarushwa kama dakika ishirini, akashuka, akasema nyumba zinaonekana kama Lego, akaomba aiskrimu. Ya kwake yakaishia hapo. Mimi nilibaki pale uzioni mpaka mtoto wa mwisho aliposhuka, hadi rubani mzee mmoja akanifuata kuuliza kama nimepoteza kitu.

Nilikuwa na miaka 40 na sijawahi hata kuendesha pikipiki.

Sheria inataka saa 45 angani kabla ya kufanyiwa jaribio la leseni ya binafsi. Mimi zilinichukua 71, na sioni haya kuzitaja, kwa sababu nilikuwa nalipia kwa mshahara wa mwezi mmoja baada ya mwingine, na kila baridi ilipokaza nikakaa wiki sita bila kugusa usukani, nikirudi nimesahau nusu. Kuna mtihani wa maswali 50 kabla hujaruhusiwa kuruka peke yako, na huo unataka alama 90 kwa mia. Kuna uchunguzi wa afya, ambao ukishafika miaka 40 unaurudia kila baada ya miaka miwili. Na kuna mtihani wa lugha, Kiingereza au Kifaransa, ambao ndio niliouogopa kuliko yote. Sikujua kwamba kwenye redio za ndege, kwa kanuni ya kimataifa, tatu ya Kiingereza inatakiwa itamkwe "tri" na tisa itamkwe "naina". Yaani lafudhi niliyochekwa nayo kazini miaka yote ile kumbe ndiyo matamshi rasmi ya angani. Nilipita.

Ndege ninayoikodi klabuni ni Cessna 172 ya mwaka 1974. Tumezaliwa mwaka mmoja, na sote wawili tunachelewa kuwaka asubuhi. Ina injini ya nguvu farasi 150 na viti vinne, lakini anayeamini viti vinne maana yake watu wanne hajawahi kupiga hesabu zake. Uzito wa juu kabisa inaoruhusiwa kuondoka nao ni ratili 2,300, kama kilo 1,043, ndege yenyewe ikiwemo. Ukijaza matangi mawili, unaobaki ni uzito wa watu wazima watatu wenye afya na mkoba mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kumpandisha mtu, lazima nimuulize kilo zake. Jaribu kumuuliza hivyo mama wa kanisani, kwa heshima, mbele ya shoga zake. Mmoja alinitajia kilo za siku ya harusi yake. Tangu hapo nimenunua mizani ya bafuni, inakaa nyuma ya gari, na ninayemkaribisha anapanda juu yake mimi nikiwa nimeangalia pembeni, ananisomea mwenyewe. Hawachangii chochote zaidi ya mafuta, maana leseni ya binafsi si ya biashara, ingawa kila Krismasi hakosekani anayeniuliza nitamtoza ngapi kumpeleka Kenora.

Mimi ni mhasibu, natunza vitabu vya biashara ndogo ndogo. Labda ndiyo maana kilichonishangaza zaidi katika urubani wa nchi hii ni vipimo. Urefu wa njia ya kurukia uko kwa futi. Umbali wa safari ni maili za baharini, lakini umbali wa macho kuona ni maili za nchi kavu. Joto ni Selsiasi. Kanieneo ya hewa ni inchi za zebaki. Mafuta unauziwa kwa lita, geji ya ndege yangu inasoma galoni za Marekani, na kwenye hesabu ya uzito unayaingiza kwa ratili. Safari moja, vipimo vya karne tatu. Ningeletewa daftari la namna hiyo ofisini ningemrudishia mwenyewe akalipange upya.

Na si mzaha, kwa sababu uwanja ninaoupenda kuliko yote una ushahidi wake. Natoka St. Andrews, kaskazini kidogo ya Winnipeg, nashika uelekeo wa kaskazini kavu, na baada ya dakika ishirini na kitu nipo Gimli, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Winnipeg. Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilikuwa njiani kwenda Edmonton ikiwa na watu 69, ikaanza kuishiwa mafuta katika mwinuko wa futi 41,000. Ilikuwa ndege mpya ya vipimo vya metriki, geji zake za mafuta hazifanyi kazi, hivyo mafuta yakapigiwa hesabu kwa mkono. Walihitaji kilo 22,300. Kugeuza lita kuwa kilo walitakiwa wazidishe kwa 0.8 hivi; wakazidisha kwa 1.77, ambayo ni ya ratili. Wakaondoka na chini ya nusu ya walichodhani wanacho.

Rubani, Robert Pearson, alikuwa mtu wa kurusha nyiririko, ndege zisizo na injini, siku zake za mapumziko. Msaidizi wake, Maurice Quintal, aliwahi kutumikia kambi ya jeshi la anga ya Gimli na akakumbuka njia zake. Hakujua tu kwamba njia mojawapo ilishafungwa na siku ile ilikuwa na mashindano ya magari, familia zimekuja na mahema na baiskeli. Pearson aliiteremsha 767 kwa kuiendesha kiubavu, ujanja wa vindege vidogo wa kupunguza kimo bila kuongeza mwendo, mkanyago upande mmoja, usukani upande mwingine. Gurudumu la mbele halikujifunga, pua ikaburuza lami, ikasimama. Hakufa mtu.

Ujanja ule ule ninaufanya mimi kwenye Cessna nikiwa juu mno karibu na kutua. Kila nikiufanya Gimli naona haya kidogo, kama anayeimba mbele ya mwenye wimbo.

Hiyo ndiyo sababu ya kijiti changu. Siamini geji. Napanda ngazi fupi, nafungua kifuniko juu ya bawa, natumbukiza kijiti chenye alama mpaka kiguse chini ya tangi, nakitoa upesi na kusoma mstari wa unyevu kabla haujakauka. Mafuta ni ya buluu, buluu ya kuoshea mashuka meupe, na wakati wa baridi yakikumwagikia kidoleni yanauma kama umekatwa na wembe. Nasoma lita, nageuza kuwa galoni, nageuza kuwa saa, naandika zote tatu. Mchana sheria inataka ubaki na mafuta ya nusu saa zaidi ya safari yako. Mimi nabaki na ya saa nzima, na Baba Neema anajua, ila anauliza.

Sasa, ukisikia mtu ana leseni ya urubani unadhani kila Jumamosi yupo mawinguni. Ngoja nikufungulie daftari. Mwaka jana niliikodi ndege mara 44. Niliondoka ardhini mara 17. Zilizobaki nilighairi: mawingu ya chini, upepo wa ubavu, moshi wa moto wa misitu ulioziba Manitoba kiangazi hicho mpaka jua likawa kama chungwa, ndege kuwa kwa fundi, na mara moja harusi niliyoisahau. Januari hapa usiku unateremka chini ya nyuzi 20 za baridi bila kuuliza mtu, na klabu yetu hairuhusu kuwasha injini baridi ikipita 25. Hata ikiwa 12, injini lazima ilale na waya wa hita tangu jana yake, maana oili inakuwa nzito kama uji wa ulezi.

Kisha kuna sakitu. Unakuta bawa limepata manyoya meupe, membamba, mazuri kabisa, ungedhani hayana madhara. Sheria inakataza kuondoka nayo, kwa sababu yanaharibu mtiririko wa hewa juu ya bawa na bawa linaacha kubeba. Unayafuta kwa ufagio laini, halafu kwa kitambaa, mpaka bawa liwe kama sahani. Vidole vinakufa ganzi, pua inatiririka, na ukimaliza upande wa pili unarudi wa kwanza kuhakikisha hayajaota tena. Kuna Jumamosi nimefuta mabawa saa nzima, nikaangalia mbinguni, nikarudi nyumbani. Neema husema mimi ni msafisha ndege mwenye leseni.

Nataka niwaeleze ya Machi, kwa sababu watu wawili wameshaisikia nusu nusu kutoka kwa Baba Neema na toleo lake lina chumvi.

Nyuzi 9 za baridi, hewa tulivu, mawingu ya juu ya rangi ya maziwa. Nilikuwa peke yangu. Karatasi ilisema: St. Andrews, Gimli, kuvuka ziwa hadi Victoria Beach ufuko wa mashariki, kurudi. Saa ya mwisho ya kunisubiri, saa tisa alasiri. Kiangazi sivuki lile ziwa kwa injini moja, lakini likiganda nafsi yangu hutulia: chini yangu kuna kiwanja kipana kilomita thelathini.

Gimli nilitua vizuri, nikaifunika injini blanketi, nikatembea kidogo, nikala maandazi mawili niliyoyaweka ndani ya koti yasigande. Hakuna mnara wa kuongozea pale. Unajitangaza mwenyewe redioni na kuangaza macho. Nikaondoka, nikageuka mashariki, nikaanza kuvuka.

Dakika tano za kwanza zilikuwa raha tupu. Theluji juu ya barafu, nyufa ndefu kama mistari ya kiganja, hakuna mtu. Kisha zikaanza chembe za theluji, chache, kavu. Niliangalia mbele kutafuta ufuko wa mashariki nisiuone. Haukuwa umefichwa na kitu. Hakukuwa na kitu chochote. Mawingu meupe, barafu nyeupe, na pale ambapo mstari wa upeo ungekuwa, weupe ule ule. Ni kama kukaa ndani ya yai. Nilihisi ndege imenyooka kabisa. Nikatupia jicho upeo bandia, kile chombo kinachoonyesha mlalo wa ndege, nikaona bawa la kushoto limeinama, na pua inaanza kushuka. Mwili wangu ulikuwa unaniambia uongo kwa sauti tulivu sana.

Kuna saa tano za mafunzo ambazo kila mwanafunzi wa leseni hii lazima azipitie akiendesha kwa vyombo tu, na angani anavaa kofia ya kumziba asione nje. Zile saa nilizilalamikia. Nilijiambia sina mpango wa kuruka mawinguni, kwa nini nilipie? Siku ile nilimsikia mwalimu wangu kana kwamba yupo kiti cha kulia: nyoosha mabawa kwanza. Usiangalie nje. Geuka nyuzi tatu kwa sekunde. Kugeuka nusu duara kwa mwendo huo ni dakika moja kamili. Nikaanza kuhesabu, na nikagundua nahesabu kwa Kiswahili, kwa sauti, thelathini na moja, thelathini na mbili, macho yameganda kwenye chombo. Sijui dakika nyingine ya maisha yangu iliyokuwa ndefu hivyo, na nimezaa.

Nilipofika sitini nikanyoosha mabawa, nikasubiri. Kilichotokea kwanza hakikuwa ufuko. Zilikuwa nukta tatu nyeusi: vibanda vya wavuvi wa kwenye barafu, na pikapu imeegeshwa kando, na mtu amekaa juu ya ndoo. Sijawahi kumpenda mtu nisiyemjua kama nilivyompenda yule. Nikaukuta ufuko, nikaikuta barabara namba 9, nikaifuata kusini mpaka St. Andrews kama mtoto aliyeshika upindo wa kanga ya mama yake.

Nikatua saa saba na dakika arobaini. Nikaifunga ndege kamba, nikachomeka hita, nikaingia klabuni. Mikono ilikuwa inatetemeka kidogo. Mzee mmoja wa pale akanimiminia kahawa na kunisimulia na yeye ya kwake, maana kila rubani wa Manitoba ana ya kwake ya weupe, halafu mwingine akavuta kiti. Tukazungumza. Tukazungumza sana.

Saa tisa na dakika sita simu ya kaunta ililia. Binti wa pale akasikiliza, akanitazama, akasema jina langu kama swali.

Baba Neema alikuwa amesubiri mpaka saa tisa juu ya alama, akasimama mbele ya friji, akapiga namba ya wino mwekundu. Anasema yule wa upande wa pili alikuwa mtulivu mno, akamwomba amsomee karatasi yote kuanzia juu, akasoma, rangi ya ndege, mafuta ya saa ngapi, kila kitu, kama anasoma somo kanisani. Kituo cha uokoaji cha eneo letu kiko Trenton, Ontario, na hapa hapa Winnipeg kuna kikosi cha 435 cha jeshi la anga chenye ndege za kutafutia waliopotea. Baba Neema anasema alishaanza kuisikia ikiunguruma. Lakini kabla ya kumrusha mtu wao huanza kwa simu. Wakaupigia mnara wa St. Andrews, wa mnarani akachungulia dirishani, akaiona ndege yangu imefungwa kamba maegeshoni.

Nilipompigia alipokea kabla haijaita.

"Mama Neema."

"Niko klabuni. Nilitua zamani. Nimesahau kupiga."

Kimya. Nikasikia friji inanguruma.

"Ulikuwa na mafuta?"

"Ya saa mbili na nusu."

"Haya. Nunua mkate ukirudi."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Jumatatu yake nilikuta karatasi za taarifa ya safari amezichapa upya, nakala hamsini, kwenye printa ya ofisini kwangu. Mpangilio ni wangu ule ule, ila chini ya namba nyekundu ameongeza mstari mmoja wenye kisanduku: *Amepiga kusema ametua.* Na juu, kwenye njia ya safari, mbele ya Victoria Beach ameacha nafasi ya kuandika mwezi, ili nieleze kwanza mwenyewe kwa nini nalivuka ziwa.

Tangu Machi hajaniuliza tena kuhusu mafuta. Anauliza kama upande wa pili unaonekana.

Jumamosi hii wanasema upepo wa kusini, mawingu futi 4,000, nyuzi 6 za joto. Nina siku chache kabla sijapungukiwa: sheria inataka uwe umeruka mara tano na kutua mara tano ndani ya miezi sita ndipo ubebe abiria, na Neema anakuja kutoka chuoni na rafiki yake, wote wameshapanda mizani. Karatasi nimeshaijaza jana usiku. Sehemu ya saa nimeiacha wazi mpaka nione asubuhi itaamkaje.